Mji Usioitika Hodi

Palikuwa na nchi ambayo si yenu, wala si ya jirani yenu, kwa hiyo atakayewashwa akisikiliza ajikune kimyakimya. Katika nchi hiyo palikuwa na mji uitwao Ukomo, uliojengwa pale pale ambapo Dola ya Macheo ilikwisha na Dola ya Machweo ikaanza. Dola hizo ziliugombania kama wake wenza wanavyogombania mchi mmoja, na katika miaka mia mbili mji ulikuwa umebadilisha wenyewe mara kumi na moja. Watu wa Ukomo wakiamka, kwanza waliangalia bendera juu ya mnara, ndipo wakajua siku hiyo wamsifu nani.

Lakini vita vya kule vilikuwa na adabu. Wakubwa wa zamani wa pande zote mbili waliandikiana mkataba wenye kifungu kimoja tu: mtu asiingie Ukomo bila kupiga hodi. Aingiaye bila hodi ni mwizi, na mji wa wizi hauhesabiwi. Jeshi lije na farasi, lije na ngazi, lije na gogo la kuvunjia lango, bado litasimama nje, lipige hodi tatu, lisubiri. Likiambiwa "Karibu," mji ni wake. Hodi ya tatu ikipita kimya, wenyewe hawapo. Liende zake, lirudi kesho.

Kwa sababu hiyo lango kuu lilikuwa na mtumishi wake, Mwitikaji, na Mwitikaji wa wakati huo alikuwa Somoe, mjane wa makamo, mwenye mikono mikavu na maneno mafupi. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na chumba kimoja kilichochimbwa ndani ya unene wa ukuta wa lango. Siku za amani aliitika mara mia kwa siku. Karibu mchuuzi. Karibu mwenye mbuzi, lakini yule beberu mfunge. Karibu bibi harusi na watu wako. Alizijua hodi kama wengine wanavyozijua sura: mwenye njaa huipiga fupi, mwenye habari ya msiba huivuta, na mwenye kuja kuazima ungo huiimba.

Jeshi la Machweo lilifika asubuhi moja ya kiangazi, lango likafungwa mbio mbio, na Mashavu, mtoto pekee wa Somoe, binti wa miaka kumi na saba, alikuwa nje. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemtuma jana yake kwenye majaruba ya chumvi, akalale kwa shangazi yake, arudi mapema na kikapu.

"Usikawie," alimwambia. "Kunde nimeziroweka, na chumvi ndani hakuna."

Kunde zile zilipikwa bila chumvi, zikaliwa na mtu mmoja.

*

Liwali Mwinyimvua, aliyeutawala mji kwa niaba ya Macheo, aliwaita watu uwanjani. Alipanda juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza iliyowekwa juu ya jukwaa, maana neno zito halifai kutoka chini.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Nasikia wapo wapuuzi wanaosema tumezingirwa. Tumezingirwa vipi? Mtu huzingirwa akiwa ndani. Sisi hatumo! Kuanzia leo, kwa amri yangu, sisi hatupo! Adui atapiga hodi, hataitikiwa. Atapiga kesho, hataitikiwa. Nawaulizeni, ni jeshi gani lililowahi kuushinda mji ambao wenyewe wametoka?"

Watu wakashangilia. Mkaguzi wa Ukimya, aliyeteuliwa asubuhi hiyo hiyo, akawakemea, kwa kuwa watu wasiokuwepo hawashangilii. Basi wakashangilia kwa kutikisa vichwa.

Amri ya Kutokuwepo ikaanza kazi. Majogoo walifungwa midomo kwa uzi. Mapishi yalikatazwa tangu jua lichomoze mpaka hodi ya adui ipite, moshi usije ukasaliti. Bwana harusi aliulizwa kwa kukonyezwa kama ameridhika, naye akajibu kwa kukonyeza, na mmoja alijikuta na mke kwa sababu ya mchanga uliomwingia jichoni. Watoto wachanga waliamriwa wanyonye kabla hawajalia. Kwa amri hiyo akina mama walitambua kwamba Liwali alikuwa hajawahi kushika mtoto.

Chakula kilipopungua kilitangazwa Kifungo cha Hiari cha Tumbo, na asiyetaka kujitolea alilazimishwa kujitolea.

Kisha kukatokea kisa cha mfinyanzi mmoja. Alikuwa amekaa kizingitini na sahani yake mapajani, jirani akapita, naye kwa mazoea akasema, "Karibu tule." Alikamatwa kwa kosa la kuukaribisha mji kwa adui. Alijitetea kwamba sahani ilikuwa tupu. Hakimu alisema hilo linazidisha kosa, kwa sababu amemkaribisha adui na pia amemdanganya.

Baada ya hukumu hiyo Liwali alilipiga marufuku neno "karibu" ndani ya mji mzima. Na kwa kuwa hodi huzaa karibu kama kuku anavyotaga yai, hodi nayo ikapigwa marufuku.

Hapo ndipo Ukomo ulipozingirwa kweli. Usipopiga hodi huwezi kuingia kwa mtu, na ukiingia bila hodi wewe ni mwizi. Basi watu wakabaki majumbani mwao. Wiki za mwanzo walisimama nje ya milango ya ndugu zao wakakohoa. Mkaguzi akapiga marufuku kikohozi. Wakaanza kukwaruza ukuta kwa kucha, akapiga marufuku kucha. Mwisho watu wakaacha, na kila nyumba ikawa mji wake, na kila mji umezingirwa peke yake.

Bi Kidawa, shoga yake Somoe, alikaa mkabala na lango, hatua ishirini na mbili. Kwa miaka thelathini alikuja kila siku kuomba kaa la moto, ingawa jiko lake lilikuwa limewaka, ili apate kuuliza nani ameingia mjini na amevaa nini. Sasa Somoe alimwona kwenye upenyo wa dirisha tu, kivuli kinakwenda na kurudi. Siku nyingine kivuli kilisimama, na yeye akasimama, wakatazamana hivyo. Kisha kila mmoja akaendelea na kufagia kwake.

*

Kazi ya Somoe haikufutwa. Ilibadilishwa jina. Sasa aliitwa Mwitikaji Mkuu wa Kutoitika, cheo cha juu zaidi ya kile cha kwanza. Madirisha yote ya lango na mnara yanayotazama nje yalizibwa kwa udongo, na kupanda ukutani kukakatazwa, maana asiyekuwepo hachungulii. Kila asubuhi, jua likifika usawa wa mnara, alipaswa kukaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya lango, asikilize hodi tatu, asiitike, kisha aandike katika daftari: *Leo sikuitika.*

Ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jaribuni kwenu.

Adui alijaribu kila njia. Mwanzo walileta askari wa sauti nene, hodi zao zikatikisa komeo. Kisha wakaleta wa sauti tamu. Kisha mmoja akajifanya muuza asali. Siku moja walileta mwigaji aliyelia kama mtoto aliyepotea, lakini Somoe alikuwa amelea. Mtoto akilia kweli hanyamazi kidogo ili asikilize kama anasikika. Somoe akaandika: *Leo sikuitika, na yule bwana aone haya.*

Kuanzia mwezi wa tatu wakamwacha mtu mmoja tu. Sauti yake ilikuwa ya mzee, yenye mikwaruzo, haina hila yoyote. "Hodi," alisema, kama mtu anayekuja kurudisha kitu alichoazima. Anasubiri. "Hodi." Anasubiri. Ya tatu aliipiga taratibu, kisha nyayo zake zikaondoka zikikwaruza kokoto, na mguu mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine.

Somoe alimpa jina, Bwana Makoo, kwa ajili ya mikwaruzo ile ya kooni. Katika mji mzima hakuna aliyemsemesha Somoe isipokuwa adui huyu. Alianza kunawa uso kabla hajaja. Akichelewa, alisimama, akakaa, akasimama. Wakati wa mvua kikohozi kilimshika yule mzee, na Somoe alikaa nyuma ya lango na kipande cha tangawizi kimemlowa jasho mkononi, anataka kumwambia, tafuna hii, umeze na maji ya moto, wewe huna mwenyewe huko? Aliandika: *Leo sikuitika.* Akafuta. Akaandika tena.

Mashavu hakumtaja kwa mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Asubuhi alitandika mkeka wa binti yule, jioni akaukunja. Kama yu hai, yuko kwa shangazi yake. Kama hayu hai, mkeka hauharibiki kwa kutandikwa. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na akisha kufikiri aliinuka akafagia.

Mwezi wa kumi na moja, siku moja, Bwana Makoo hakuja. Jua lilipita mnara. Somoe alikaa kitini mpaka adhuhuri. Hakujua aandike nini, kwa maana hakuwa ameulizwa.

Kesho yake nyayo zilikuja, nyepesi, zote mbili sawa.

"Hodi?"

Somoe alishika kingo za kiti.

Kuna watoto ambao hodi yao ina swali mwishoni, kana kwamba wanaomba radhi kwa kuwa na sauti. Alimkanya mtoto wake kwa hilo tangu ana miaka minne. Ukienda kwa watu, piga hodi, usiombe hodi.

"Hodi?"

Kinywa cha Somoe kilifunguka. Akaona panga nyuma ya shingo ya mwanawe. Akaona askari elfu kumi wamejibana ukutani, wanangoja neno moja. Akamwona Bi Kidawa, na watoto walionyonya kabla ya kulia. Ulimi wake, ambao kwa miezi kumi na moja haukuwa na kazi, ulilala pale pale.

"Hodi?"

Kisha nyayo zikaondoka. Hazikukimbia. Ziliondoka kama za mtu aliyefunzwa.

Aliandika: *Leo sikuitika.* Alifunga daftari, akavaa viatu.

*

Alikwenda kwa Liwali kuomba ruhusa ya kuingiza mtu mmoja. Mtu mmoja si jeshi. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri. Mlangoni kwa Liwali hapakuwa na askari. Alisimama, hawezi kupiga hodi, hawezi kukohoa, hawezi kukwaruza. Mwisho alijiambia, wacha niwe mwizi, akaingia.

Ukumbi ulikuwa na vumbi la kufikia kwenye vifundo vya miguu. Kiti kilikuwa bado juu ya meza. Chini ya meza, karibu na sanduku lililo wazi, alikaa Pandu, mpiga mbiu wa mji, yule aliyezunguka kila jioni akisoma amri za Liwali kwa kunong'ona. Alikuwa anakula muhogo mkavu. Alipomwona mtu alitaka kuuficha, kisha akaukata.

"Chukua, dada. Siwezi kukuambia ka... siwezi kusema lile neno."

"Sikuja kula. Liwali yuko wapi?"

"Hayupo."

"Najua, sote hatupo. Nauliza yuko wapi."

"Dada Somoe, hayupo kweli. Yeye ndiye aliyeitii amri kuliko sisi sote."

Somoe alikaa kwenye ncha ya jukwaa.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Mkaguzi naye mwezi wa nne, alikwenda kukagua ukimya wa huko nje, hakurudi."

"Na hizi amri unazosoma?"

Pandu akaligonga sanduku. "Aliziandika zote kabla hajaondoka. Za miaka mitatu. Nachukua ya juu, nasoma, naweka kando. Hii hapa ya kesho kutwa, inampongeza mtu atakayemshutumu jirani yake. Jina limeachwa wazi. Na chini kabisa ziko mbili, moja ya siku ya kushinda na moja ya siku ya kushindwa. Nimezisoma. Zote zinaanza, 'Ndugu wananchi, kama nilivyowaahidi tangu mwanzo.'"

"Na wewe ukaendelea kusoma."

"Nikiacha kusoma nitakuwa nani? Mtu aliyekaa chini ya meza?" Alifuta mdomo. "Nikipita kule kwenu nakuona umekaa na daftari lako. Nikasema, basi tuko wawili tunaofanya kazi."

"Alitokaje? Mji umezungukwa."

"Kwa kamba, upande wa mnara. Mimi ndiye niliyeishika. Alishuka, akatembea mpaka kwenye hema la Jemadari wa Machweo, akasimama, akapiga hodi."

"Kisha?"

"Wakamwambia karibu."

Somoe aliinuka. Alikung'uta vumbi kwenye shuka yake kwa vibao vitatu vikali, kama anayemchapa mtu.

"Yeye akaribishwe," alisema, "na mwanangu mimi nimfungie mlango?"

"Dada, dada, usifanye haraka! Jeshi liko nje. Mji utaanguka!"

"Mji gani, Pandu? Nitajie mtu mmoja uliyeingia kwake mwaka huu."

Pandu alitazama muhogo wake.

*

Asubuhi iliyofuata Somoe alitandika mkeka, akanawa uso, akaweka maji motoni kabla ya hodi, kinyume cha amri. Moshi ukapanda wima juu ya lango, mji mzima ukauona. Hakuna aliyekuja kumkamata. Kivuli cha Bi Kidawa kilisimama dirishani.

Nyayo zikaja.

"Hodi?"

"Mtoto wa nyumbani hapigi hodi!" Sauti yake ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Nimekwambia mara ngapi? Hodi ni ya wageni! Karibu! Karibu, mwanangu, karibu, karibu!"

Akalivuta komeo. Lilihitaji wanaume wanne, na sijui alilivutaje, lakini nimeona mama akiinua mkokoteni uliomlalia mwanawe, kwa hiyo sishangai.

Lango likafunguka. Mashavu alikuwa amesimama hatua tatu nje, pale mgeni anapotakiwa kusimama, amekonda, amerefuka, kikapu kichwani. Nyuma yake yalikuwa mahema, safu kwa safu, yameoza, yamepasuka, mbuzi wawili wa porini wanatafuna kamba zake. Hapakuwa na panga. Hapakuwa na jeshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wako wapi?"

"Nani?"

"Adui!"

"Waliondoka zamani, mama. Mwezi wa tatu. Dola zimepatana. Liwali wetu alipewa mji mwingine, kule kunakoota zabibu, yeye na Jemadari wa Machweo wakaondoka kwa msafara mmoja. Wakasahau kuwaambia."

"Na yule aliyekuwa anapiga hodi?"

"Babu Sajini? Alibakizwa. Hakuna aliyemletea barua ya kuacha." Mashavu alikitua kikapu. "Alikuwa mtu mzuri. Nilimpikia. Alifariki juzi, nikamzika peke yangu, ndiyo maana hamkusikia hodi siku ile. Kila akitoka hapa langoni aliniuliza, 'Hivi, binti, ndani mle kuna mtu kweli?' Namwambia yuko mama yangu. Anasema, 'Basi nitakwenda tena kesho.'"

Somoe aliangalia kokoto, pale unyayo mmoja ulipokuwa umechimba zaidi ya mwingine.

"Miezi yote hiyo ulikuwa hapo," alisema. "Ukuta mmoja. Ungepiga kelele! Ungesema, 'Mama, wameondoka'!"

"Hodi ya serikali haipigwi na raia, babu alikataa. Mimi nasimama nyuma yake." Binti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Na wewe mwenyewe ulinifundisha. Mtu hasemi shida yake mlangoni kabla hajakaribishwa."

Somoe alitaka kumpiga kofi, na mkono ulipofika shavuni ulikaa hapo hapo. Kisha akainama kuangalia kikapu. Chumvi ya miezi kumi na moja ilikuwa imegandamana ikawa jiwe moja.

"Umekawia," alisema.

*

Waliliacha lango wazi. Walitembea katika mtaa mkuu, mama na binti, na hakuna mlango uliofunguka. Macho yalikuwepo, nyuma ya kila upenyo. Mbali, Pandu alipita akisoma amri ya siku kwa kunong'ona, "Ndugu wananchi, adui yu langoni, ukimya wetu ndio ngao yetu," na wale mbuzi wawili wa porini, walioingia bila hodi, walimfuata nyuma wakitafuna ncha ya karatasi.

Somoe alisimama mbele ya mlango wa Bi Kidawa. Hatua ishirini na mbili. Alisafisha koo.

"Hodi!"

Kivuli kilitoka dirishani mbio.

"Hodi, shoga! Ni mimi. Nimekuja kuomba kaa la moto."

Ndani, kitu kidogo cha udongo kilianguka, kikavunjika, mtu akavuta pumzi.

Mashavu alimgusa mama yake mkono. "Tatu tu, mama. Baada ya hapo ni kuondoka."

"Najua mwenyewe ni ngapi." Somoe aliweka kiganja ubaoni. "Hodi, Kidawa."

Halafu, kutoka ndani kabisa, sauti nyembamba iliyoota kutu, ya mtu asiyeamini kama bado anayo sauti, ikasema:

"Hatupo."

Somoe alikaa kwenye kibaraza, akamvuta mwanawe akae naye. Aliweka jiwe la chumvi katikati yao.

"Haya," alisema kuuelekea mlango. "Tutawasubiri mpaka mje."